Uzi: Droni juu ya mtandao wa magari, inasaidia wapi na inaharibu wapi?

Mjenzi_wa_Ruta (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Siku hizi kila andiko la mitandao ya magari linakuja na mchoro uleule: barabara, magari yenye viduara vya mawimbi, na droni juu yake imechorwa kubwa kuliko lori. Chini yake kuna jedwali kwamba ukiweka droni, pakiti (vipande vya data) zinafika kwa wingi, ucheleweshaji unashuka na wadukuzi wanakamatwa. Sibishi kwamba inasaidia. Ninachobishia ni kuitwisha kila kazi. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: droni inafaa kuziba pengo pale mtandao wa chini umekatika, na inafaa kuwa shahidi. Kuwa uti wa mgongo wa mtandao haifai, na kuwa hakimu haifai kabisa.

Kwa wageni wa mada: gari kwenye mtandao huu halisubiri mnara wa simu. Lina redio yake kwenye bendi ya 5.9 GHz, na linatangaza hadi mara 10 kwa sekunde mahali lilipo, kasi yake na linakoelekea. Kambi moja inatumia IEEE 802.11p, ndugu wa Wi-Fi, iliyoidhinishwa mwaka 2010. Kambi nyingine ni C-V2X, iliyozaliwa kwenye viwango vya simu. Tangazo likiishia kwa majirani, hakuna cha kuelekeza. Kazi inaanza unapotaka taarifa ya ajali imfikie dereva aliye kilomita 2 nyuma, kwa kurushwa kutoka gari hadi gari.

Tuseme redio inafika mita 300. Magari mawili yanapishana, kila moja km 100 kwa saa, hivyo yanakaribiana kwa mita 55 na ushee kwa sekunde. Tangu yaanze kusikiana hadi yapotezane ni mita 600, yaani sekunde 11 hivi. Yakiwa upande mmoja na yanapishana kasi kwa km 20 kwa saa, unapata sekunde 108. Sasa chukua AODV, itifaki (kanuni) ya kutafutia pakiti njia, ambayo waraka wake RFC 3561 ni wa mwaka 2003: inauliza njia kwa kutapakaza swali mtandao mzima, inasubiri jibu, inaihifadhi njia ndipo inatuma. Njia hiyo ikipitia gari la upande wa pili, inakufa pakiti zikiwa bado zinamiminika.

Itifaki nyingine, GPSR ya Karp na Kung, mwaka 2000, haihifadhi njia. Inampa pakiti jirani aliye karibu zaidi na lengo, basi. Barabara kuu ya wazi inateleza vizuri. Mjini inagonga mwamba: pakiti inafika kwa gari lililo karibu kuliko wenzake wote, mbele yake ni jengo, na hakuna jirani anayesogea zaidi ya hapo. Ama uzunguke pembeni kwa miruko mingi, ama gari liibebe pakiti hadi likutane na mwingine. Kwa km 50 kwa saa, pengo la mita 700 linachukua sekunde 50. Droni iliyo juu ya mapaa inalivusha kwa milisekunde chache. Faida kubwa ya droni kwenye uelekezaji iko hapo.

Faida ya pili ni habari ya hali ya barabara. Itifaki ya UVAR, ya mwaka 2016, inatumia droni kukadiria msongamano wa magari kwenye vipande vya barabara, ili pakiti ikifika makutano ijue ni mtaa upi una magari ya kutosha kuipokeza. Gari lenyewe haliwezi kujua hilo; linaona majirani zake tu.

Karibuni mnipinge.

---

ngoja_nisome

Nimeweka kiti. Wajuzi shukeni.

---

mwanafunzi_wa_usiku

Asante mkuu kwa uzi. Swali la kijinga kidogo: kama droni inaona kila kitu, kwa nini tuhangaike na miruko ya gari kwa gari? Si tuipandishe juu kabisa, kila gari liongee nayo moja kwa moja, mchezo uishe?

---

fundi_antena

Hilo swali si la kijinga, ndilo linalowaangusha wengi. Jibu lina vipande viwili.

Kwanza, urefu una bei. Ukipanda, majengo yanapungua njiani na uwezekano wa kuonana ana kwa ana na gari unaongezeka. Lakini umbali nao unaongezeka, na kila ukiuzidisha mara mbili unapoteza desibeli 6 za nguvu ya mawimbi hata kama hakuna kizuizi. Kwenye 5.9 GHz, kilomita 1 ya anga tupu tayari imekula desibeli 108. Kwa hiyo kuna kimo cha kati ambako eneo linalohudumiwa ni kubwa kuliko kote, ukikipita, unapoteza. Tena sheria zinakubana: Ulaya dari la kawaida ni mita 120, na Marekani ni futi 400, ambayo ni kama hiyohiyo.

Kipande cha pili ndicho kibaya zaidi, na michoro haikionyeshi. 802.11p ni redio ya "sikiliza kwanza, kukiwa kimya ndipo useme". Mfumo huo unafanya kazi mjini kwa sababu majengo yanatenganisha mitaa: mtaa huu unaongea, wa pili nao unaongea, hawasikiani na hawasumbuani. Pandisha droni, ni sawa na kukaa juu ya ukuta wa nyumba yenye vyumba visivyo na dari. Kila chumba kinapeana zamu vizuri ndani yake, wewe unasikia vyote kwa pamoja na huelewi hata kimoja.

Weka namba. Ujumbe wa baiti 300 pamoja na sahihi ya kidijitali, kwa kasi ya megabiti 6 kwa sekunde, unakaa hewani mikrosekunde 400. Mara 10 kwa sekunde, gari moja linakula milisekunde 4 za kila sekunde. Magari 250 yakisikika mahali pamoja, sekunde imejaa, hata kabla hujahesabu vichwa vya pakiti na nafasi za kungoja. Gari la mtaani linasikia 80 au 100, maisha yanaendelea. Droni inayosikia 800 inapokea mara tatu na zaidi ya kinachoweza kubebwa. Na magari yenyewe hayajui kama yanagongana huko juu, maana kila moja likisikiliza linasikia kimya.

Kwa hiyo "droni inaona kila kitu" ni kweli kwa kamera. Kwa redio ni kinyume.

---

mwanafunzi_wa_usiku

Duh. Basi dawa ni nini?

---

fundi_antena

Antena za mwelekeo, droni isikilize kipande kimoja cha barabara kwa wakati. Au ishuke chini kidogo makusudi, ihudumie eneo dogo. Au trafiki ya kuvusha pakiti ihamie chaneli tofauti na ile ya matangazo ya usalama, na gari liongee na droni pale tu limekwama, kama alivyosema mwanzisha uzi. Hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote, ila masafa yenyewe yanazidi kubanwa. Marekani walitenga megahezi 75 mwaka 1999, na mwaka 2020 mamlaka yao ya mawasiliano ikaamua 45 ziende kwa Wi-Fi, magari yabaki na 30.

---

Mzee_wa_Betri

Mmeongea mawimbi mpaka mmesahau umeme. Tuchukue droni ya mapanga manne yenye dakika 30 za kuruka. Toa 5 za kwenda na kurudi, toa 5 za akiba ambazo mtu mwenye akili hazigusi. Kazini umebaki na dakika 20. Kuchaji tuseme saa moja. Mzunguko mzima ni dakika 25 angani na 60 chini, jumla 85, ili upate 20 za huduma. Gawanya: kuliweka eneo moja tu angani bila kukatika unahitaji droni 5. Ukiwa na kituo cha kubadilisha betri kwa dakika 3, zinatosha 2. Upepo ukija, zile dakika 30 nazo zisahau.

Maandiko mengi ya uigaji wa kompyuta hayana hata mstari mmoja wa betri. Droni inapanda sekunde ya kwanza na inashuka uigaji ukiisha.

---

Mjenzi_wa_Ruta

@Mzee_wa_Betri umenisaidia kazi. Ndiyo maana nakataa habari ya uti wa mgongo. Itifaki nzuri iandikwe ikijua kwamba droni itaondoka. Gari likikwama litumie droni kama ipo. Kama haipo libebe pakiti kama zamani. Droni ikikaribia kuishiwa itangaze muda uliobaki ndani ya matangazo yake, ili nodi (magari na droni za mtandao) zisianze njia mpya kupitia kwake dakika ya mwisho. Sehemu moja ya ziada kwenye ujumbe, na unaokoa pakiti nyingi.

Kwa tukio la mahali pamoja, kama ajali kubwa au barabara iliyofungwa, droni iliyounganishwa kwa waya wa umeme kutoka chini inafaa zaidi. Baada ya kimbunga Maria huko Puerto Rico, mwaka 2017, kampuni ya AT&T ilirusha droni ya namna hiyo kurudisha mawasiliano ya simu. Haihami, lakini inakaa.

---

Karani_wa_Vyeti

Nije kwenye usalama, maana kichwa cha uzi kimegusa "inaharibu" na bado hamjafika huko.

Nianze na shambulio la shimo jeusi, kwa kuwa ndilo linalotajwa sana. Kwenye AODV, gari A linauliza nani ana njia ya kwenda Z. Mshambuliaji M hana njia yoyote, ila anajibu haraka kuliko wote: ninayo, na namba yangu ya mfuatano ni kubwa. Namba kubwa maana yake habari mpya, hivyo A anaamini. Pakiti zinaelekezwa kwa M, M anazitupa. Sahihi ya kidijitali haikuokoi hapa, kwa sababu M ana cheti halali (kitambulisho cha kidijitali) na ametia sahihi uongo wake vizuri kabisa.

Dawa ya zamani, tangu mwaka 2000, ni jirani kuwa mlinzi: A akishampa M pakiti, anasikiliza kama M anaituma mbele. Udhaifu wake unajulikana. M anaweza kupunguza nguvu ya redio, A asikie ila anayefuata asisikie. A ataapa kwamba pakiti imepita.

Droni iliyo juu inaweza kuwasikia A, M na yule wa tatu. Inaona pakiti imeingia kwa M, na inaona wa tatu hajaipeleka popote. Huo ni ushahidi ambao hakuna gari la chini linaloweza kuutoa. Hapo nakubaliana na mwanzisha uzi asilimia mia.

Ila unganisheni na alichosema fundi_antena. Droni inapoteza pakiti nyingi kwa migongano. Isiposikia M akituma, je, M ametupa, au droni ndiyo haikusikia? Tukio moja halithibitishi kitu. Unahitaji alama ya uaminifu inayojengeka taratibu: mema ongeza 1, gawanya kwa jumla ya mema na maovu ongeza 2. Nodi mpya inaanza 0.5. Aliyepitisha 8 na kutupa 2 ana 0.75. Ni fomula nyepesi, hata kichakataji kidogo kinaiweza.

---

Sisimizi_3

Mbona hamjataja mbinu ya sisimizi? Mawakala wadogo (pakiti za kupeleleza) wanapita njia, wanaacha harufu, njia nzuri inanuka zaidi. Marco Dorigo aliileta kwenye tasnifu yake mwaka 1992 na inatumika kila mahali. Maandiko ya droni na magari yanaipenda sana.

---

Mjenzi_wa_Ruta

Inapendwa, ndiyo. Lakini rudi kwenye zile sekunde 11. Harufu inahitaji muda wa kujengeka na muda wa kuyeyuka. Kati ya magari, kabla njia haijanuka vya kutosha imeshakatika. Ukiifanya inuke haraka, umetapakaza mawakala wengi na umejaza chaneli ambayo tayari imejaa.

Ninapoikubali ni kati ya droni na droni. Huko juu nodi ni chache, zinaonana, na unaweza kuziamuru zikae mahali. Njia zinadumu dakika nyingi. Sisimizi wapande juu, chini tubaki na maamuzi ya jirani kwa jirani.

---

mwanafunzi_wa_usiku

@Karani_wa_Vyeti kwa hiyo droni ikiwa na ushahidi wa kutosha si imfungie M palepale? Kusubiri ofisi ya vyeti itachukua muda.

---

Karani_wa_Vyeti

Hapana, na sababu yake nitakuonyesha kwa shambulio la Sybil. Jina lilitoka kwenye andiko la John Douceur mwaka 2002: mtu mmoja kujifanya watu wengi.

Ili gari lisifuatiliwe, halitumii cheti kimoja. Mfumo wa vyeti uliobuniwa Marekani unalipa gari vyeti 20 vya majina bandia vinavyofanya kazi wiki moja kwa pamoja, na linabadilisha kimoja hadi kingine. Nia ni njema. Ila gari hilo likidukuliwa, lina vitambulisho 20 halali kwa wakati mmoja. Linaweza kutangaza foleni ya magari 20 kwenye barabara tupu, na kila sahihi ukiihakiki inapita.

Droni inaweza kuligundua hilo. Matangazo 20 yanatoka pembe moja, kwa nguvu inayofanana, na saa za ndani zinapotoka kwa kiwango kilekile. Droni mbili zenye saa zilizolinganishwa zinapima tofauti ya muda wa kufika. Wimbi linakwenda mita 300 kwa mikrosekunde, kwa hiyo kosa la nanosekunde 100 ni mita 30: linatosha kusema "hayuko mtaa huo", halitoshi kusema "hayuko njia hiyo ya barabara". Kwa hilo la pili unataka nanosekunde 10. Kamera inamalizia: barabara unayosema imejaa, naiona tupu.

Sasa geuza. Gari la kweli liko chini ya daraja. Kamera hailioni. Mawimbi yake yanafika droni baada ya kudunda kwenye nguzo, kwa pembe ya uongo na muda wa uongo. Ukiipa droni mamlaka ya kufungia, umemfungia dereva asiye na kosa mahali ambapo matangazo yake yanahitajika kuliko kote. Na mshambuliaji mjanja atajifunza kuitumia: atarekodi matangazo ya jirani na kuyarudia kwa kuchelewa, droni imshuku jirani.

Droni iandike ripoti, iitie sahihi, iipeleke. Wa kufuta cheti ni mamlaka yenye ripoti nyingi kutoka kwa mashahidi wengi. Kwa muda huo, gari linaloshukiwa lisipitishiwe pakiti, lakini matangazo yake ya usalama yaendelee kusikilizwa.

---

Mchungu_wa_Faragha

Kuna jambo mnalirukaruka. Alama ya uaminifu mnaiandika kwa jina gani? Mshambuliaji akibadilisha cheti anarudi 0.5, msafi kama mpya. Mkitaka alama imfuate, lazima droni iunganishe jina la zamani na jipya. Na droni inaweza: inaliangalia gari kwa kamera, haliondoki machoni, jina bandia limebadilika saa fulani, basi ni yuleyule.

Hapo mmeua kazi nzima ya vyeti 20. Mfumo ule uligawanywa makusudi ofisi zaidi ya moja, ili mfanyakazi wa ofisi moja asiweze kuunganisha majina peke yake. Droni moja yenye kamera na redio imefanya kazi ya ofisi zote, bila idhini ya mtu.

---

Karani_wa_Vyeti

Hoja nzito, na sina jibu la kuridhisha pande zote. Ninachoshauri: alama iishi ndani ya kipindi cha cheti kimoja tu, kumbukumbu ya droni ifutwe kila inapotua, na kamera iitwe pale redio imeshashuku, isiwe macho ya muda wote. Mshambuliaji atapata upenyo, ndiyo. Ila hakuna wa kuuza kumbukumbu za safari za watu.

---

Mchungu_wa_Faragha

Nakubali nusu. "Ifutwe inapotua" inategemea nani anaishika inapotua.

---

fundi_antena

Na mmesahau kuilinda droni yenyewe. Mwaka 2012 kikundi cha Todd Humphreys cha Chuo Kikuu cha Texas huko Austin kilionyesha kwamba droni inaweza kupotoshwa kwa mawimbi ya GPS ya kughushi. Shahidi wenu akidanganywa yuko wapi, ushahidi wote wa mahali umeoza, na kila gari la kweli litaonekana la uongo. Mwaka 2013 Samy Kamkar akatoa SkyJack, droni inayowinda droni nyingine kwa Wi-Fi na kuziteka. Na lugha ya kuongozea droni iliyozoeleka, MAVLink, toleo la kwanza halina sahihi kabisa. La pili linayo ukiiwasha, na bado halifichi maudhui.

---

mwanafunzi_wa_usiku

Nimesoma pendekezo kwamba droni ihakiki sahihi kwa niaba ya magari, itangaze orodha ya jumbe salama, magari yapumzike. Ukizingatia majirani 200 mara 10 kwa sekunde ni uhakiki 2,000, si wazo zuri?

---

Karani_wa_Vyeti

Hiyo ndiyo ya kuogopa kuliko zote. Gari 2,000, droni yenye magari 800 ni 8,000 kwa sekunde, kwa betri ileile aliyoihesabu Mzee. Na fundi ametoka kukuambia droni inatekwa. Ikitekwa wakati magari yameacha kuhakiki, mtekaji anasema lolote na mji mzima unaamini. Chipu za magari za kuhakiki sahihi zipo. Gari lihakiki lenyewe, lianze na majirani wa karibu zaidi.

---

Mzee_wa_Betri

Na ikianguka mtu akaiokota na funguo ndani?

---

Karani_wa_Vyeti

Funguo ziwe ndani ya chipu isiyotoa siri hata ukiifungua, hilo la kwanza. La pili, usiipe droni cheti cha wiki. Mpe cha saa moja, kinachopakiwa kituoni kila inapobadilisha betri. Kwa kuwa haiwezi kukaa angani zaidi ya dakika 30, saa moja inaitosha na inabaki. Isiporudi, kituo hakitoi kingine, kile cha zamani kinakwisha chenyewe, na magari hayahitaji kubeba orodha ya vyeti vilivyofutwa kwa ajili yake.

---

Mzee_wa_Betri

Kumbe betri fupi ina kazi yake. Hii nitaipeleka kwa vijana wa kituo cha kuchajia.